Mfahamu Lupita Nyong'o: Mkenya aliyechukua Oscar kisha akagoma kuigiza mtumwa kila mwaka

Ukimtaja Lupita Nyong'o kijiweni Makambako au Ilembula, wa kwanza atakwambia Black Panther. Wa pili atakumbuka kwamba ndiye yule Mkenya aliyechukua Oscar. Wote wako sahihi, ila hapo ni robo tu ya habari yenyewe.

Mwanadada huyu ameigiza mtumwa, jasusi, mama muuza mahindi, mwalimu wa chekechea anayepambana na wafu waliofufuka, mgonjwa wa saratani, mbwa mwitu na hata roboti. Ni waigizaji wachache wa Hollywood wenye orodha iliyochanganyika namna hiyo, na mchanganyiko huo haukuja kwa bahati. Aliutafuta mwenyewe, na kuna wakati ulimgharimu kazi.

KWA UFUPI

Jina kamili: Lupita Amondi Nyong'o
Kuzaliwa: 1 Machi 1983, Mexico City
Wazazi: Dorothy na Profesa Peter Anyang' Nyong'o, Wakenya, Wajaluo
Elimu ya sanaa: Hampshire College na Yale School of Drama, Marekani
Tuzo kubwa: Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, 2014
Filamu iliyompa Oscar: 12 Years a Slave

MKENYA MWENYE JINA LA KIHISPANIA

Watu wengi hujiuliza, Mjaluo na jina la Lupita wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Baba yake, msomi wa siasa, alikuwa akifundisha chuo Mexico wakati binti anazaliwa. Familia ilikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina kutokana na mambo ya wakati aliozaliwa, na Lupita ni kifupi cha Guadalupe, jina linalopendwa sana Mexico.

Hakukaa huko. Kabla hajatimiza mwaka familia ilirudi Kenya, na Lupita akakulia Nairobi akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Baba yake baadaye akawa waziri, seneta, na kuanzia 2017 gavana wa Kisumu.

Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet kwenye Romeo and Juliet na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Alipofika 16, wazazi walimrudisha Mexico kwa miezi saba ajifunze Kihispania. Ndiyo maana leo anahojiwa kwa Kihispania bila mkalimani.

ALIANZA KWA KUTUMWA, SI KWA KUIGIZA

Hapa ndipo wengi wanapopitwa. Kabla hajaonekana kwenye kioo, Lupita alikuwa mmoja wa vijana wa kazi kwenye seti, wale wanaotumwa huku na kule, kuleta hiki na kupeleka kile. Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilipopigwa Kenya, alikuwa kwenye timu hiyo. Humo akakutana na Ralph Fiennes, mwigizaji mkubwa wa Uingereza. Lupita amesimulia kwamba alipomwambia anatamani kuigiza, mzee alishusha pumzi na kumshauri aifanye kazi hiyo kama tu anaona hawezi kuishi bila hiyo.

Alifanya kazi pia kwenye The Namesake ya mwongozaji Mira Nair, jina ambalo litarudi huko mbele.

Mwaka 2009 alitoa filamu yake mwenyewe, In My Genes. Ni filamu ya maisha halisi kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Aliiandika, akaiongoza na kuitayarisha. Kwa msomaji wa Tanzania mwaka huo una uzito wake: ndicho kipindi nchi yetu ilikuwa kwenye habari za dunia kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Lupita aliweka kamera mbele ya watu hao na kuwaacha waeleze wenyewe wanavyoishi shuleni, nyumbani na barabarani.

Mwaka huohuo alionekana kama Ayira kwenye Shuga, tamthilia ya MTV kuhusu vijana na Ukimwi iliyopigwa Nairobi. Vilevile aliongoza video ya wimbo The Little Things You Do wa Wahu akimshirikisha Bobi Wine. Naam, Bobi Wine huyuhuyu ambaye sasa ni mwanasiasa wa Uganda.

PATSEY, NA USIKU WA OSCAR

Alijiunga Yale kusomea uigizaji, akahitimu 2012. Kabla hata ya kumaliza, alikuwa ameshapata nafasi kwenye 12 Years a Slave ya mwongozaji Steve McQueen.

Filamu hiyo inatokana na kitabu cha mwaka 1853 cha Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyekuwa huru, akatekwa na kuuzwa utumwani. Lupita aliigiza Patsey, msichana mtumwa aliyeishi kweli. Patsey anachuma pamba nyingi kuliko wanaume wote shambani, lakini hilo halimpi nafuu. Bwana anamtamani, bibi mwenye nyumba anamchukia kwa hilo, naye yuko katikati. Sehemu inayowashinda wengi kuitazama ni pale anapochapwa viboko, na kosa lake ni kwenda kwa jirani kuomba kipande cha sabuni.

Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akatangazwa mshindi wa Oscar. Aliwashinda, miongoni mwa wengine, Jennifer Lawrence na Julia Roberts. Akawa Mkenya wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar kwa uigizaji. Jukwaani alikiri kwamba furaha yake imetokana na maumivu ya mtu mwingine, yaani Patsey, kisha akawaambia watoto wa dunia kwamba popote walipozaliwa, ndoto zao zina thamani.

Filamu ya kwanza kubwa, Oscar ya kwanza. Ungedhani baada ya hapo milango yote ilifunguka.

"NJOO UCHEZE MTUMWA TENA"

Haikuwa hivyo. Mwaka 2025, akihojiwa na mtangazaji Mkenya Larry Madowo wa CNN, Lupita alieleza kilichofuata. Alitegemea kupewa nafasi za uhusika mkuu. Alicholetewa kwa wingi ni kucheza mtumwa tena, safari hii labda kwenye meli.

Tuweke sawa jambo moja: filamu za utumwa si mbaya. Tatizo ni pale mtu mweusi anapoonekana anafaa kwa hizo tu. Mwigizaji mgeni, asiye na jina kubwa, akikubali ya pili na ya tatu, basi huyo ndiye atakayekuwa maisha yake yote. Akikataa, anaweza kusahaulika, maana Hollywood haimsubiri mtu. Lupita alichagua kukataa. Alisema yuko tayari kukosa kazi moja kwa mwaka kuliko kuendeleza picha ileile ya Mwafrika wa kuonewa huruma.

Jingine lilikuwa lafudhi. Chuoni alikuwa amejifunza kuongea kama Mmarekani ili apate kazi. Ulipofika wakati wa kuitangaza 12 Years a Slave, aliamua kurudi kwenye Kiingereza chake cha Nairobi mbele ya waandishi wa habari. Nia yake ilikuwa watu wajue kwamba mwigizaji anaweza kuongea hivyo na bado akapewa kazi.

UHUSIKA USIOONEKANA SURA

Kazi zilizofuata ziliwashangaza mashabiki. Kwenye Star Wars: The Force Awakens ya 2015, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 2, alicheza Maz Kanata, kiumbe mdogo wa rangi ya chungwa mwenye miwani mikubwa. Miondoko na sauti ni vya Lupita, ila sura yote imetengenezwa kwa kompyuta. Akamrudia Maz mwaka 2017 na 2019.

Mwaka 2016 alikuwa sauti ya Raksha, mama mbwa mwitu anayemlea Mowgli kwenye The Jungle Book.

Wapo waliolalamika: mwanamke mrembo, mshindi wa Oscar, anafichwaje sura? Lakini kwa mtu aliyekuwa akitafutwa kwa ajili ya viboko na pamba, uhusika usiojali rangi wala mwili ulikuwa na faida yake.

MAMA WA KATWE

Kama una muda wa muvi moja tu yake, wengi wa Afrika Mashariki wangekuambia iwe hii. Queen of Katwe ya 2016 inasimulia habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi na kuja kuwa bingwa wa chesi. Mwongozaji ni Mira Nair, yuleyule wa The Namesake. Aliyekuwa anatumwa kwenye seti yake sasa ameitwa kama staa.

Lupita hakucheza Phiona. Alicheza mama yake, Nakku Harriet, mjane mwenye watoto kadhaa na kodi isiyolipika. Anaona chesi ni upuuzi utakaomvunja moyo mtoto. Baadaye anauza nguo yake ya thamani ili zipatikane pesa za mafuta ya taa, binti asome usiku. Yeyote aliyelelewa na mama wa sokoni, awe wa Njombe mjini au wa Igwachanya, atamtambua Harriet bila kuelezwa. Hapigi magoti kwa wafadhili, na hamshukuru kila mtu anayempa kitu.

Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Katwe kwenyewe, na watoto kadhaa walioigiza walitoka mitaa ya Kampala.

WAKANDA

Kisha ikaja Black Panther, Februari 2018, chini ya mwongozaji Ryan Coogler. Lupita ni Nakia, jasusi wa Wakanda ambaye hataki kukaa kasri wakati majirani wanateseka. Tunakutana naye mara ya kwanza Nigeria, akiwa amejichanganya na wanawake waliotekwa ili awaokoe. Lugha ya Wakanda kwenye filamu hiyo ni Kixhosa cha Afrika Kusini, na waigizaji walilazimika kujifunza.

Filamu ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3 na kupata Oscar tatu: mavazi, muziki na mandhari. Kisumu ilipata onyesho lake maalumu, mji ambao baba yake Lupita ni gavana.

Chadwick Boseman, aliyecheza mfalme T'Challa, alifariki Agosti 2020. Wakanda Forever ya 2022 ikawa filamu ya msiba kuliko ya vita, na Nakia ndiye anayebeba siri inayofunuliwa mwishoni. Kama hujaitazama, haitatajwa hapa.

MTU NA KIVULI CHAKE

Kazi ambayo wachambuzi wengi huitaja kuwa ngumu kuliko zote ni Us ya 2019, muvi ya kutisha ya Jordan Peele. Familia iko likizo. Usiku wanatokea watu wanne nje ya nyumba wanaofanana nao kila kitu. Lupita anacheza mama, Adelaide, na anacheza pia kivuli chake, Red. Yaani anapigana na yeye mwenyewe.

Mtazame anavyowatofautisha. Adelaide ana wasiwasi wa mzazi. Red anatembea akiwa amenyooka kama mende anayekwepa mwanga, na sauti yake inakwaruza kama mtu aliyekabwa koo. Sauti hiyo aliitoa kwenye ugonjwa halisi wa koo. Wenye ugonjwa huo walipolalamika kwamba unaonekana wa kutisha, aliomba radhi.

Us ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 20 na kuingiza zaidi ya milioni 250. Wachambuzi wa filamu wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Oscar hawakumtaja hata kwenye orodha ya wanaowania, na mpaka leo mashabiki hawajasahau.

MWALIMU, JASUSI NA MGONJWA

Mwaka huohuo wa 2019 alitoa kichekesho cha Australia, Little Monsters. Ni mwalimu wa chekechea mwenye gauni la njano na gitaa dogo. Wafu wanafufuka na kuvamia eneo walilokwenda kutembea, naye anawaambia watoto kwamba ni mchezo tu ili wasiogope. Inachekesha, ina damu, na ina matusi, kwa hiyo usiwashe mbele ya watoto.

The 355 ya 2022 ilimweka na Jessica Chastain, Penélope Cruz, Diane Kruger na Fan Bingbing kama majasusi wanawake. Haikufanya vizuri sokoni. Si kila alichogusa kiligeuka dhahabu.

Mwaka 2024 alirudi na A Quiet Place: Day One. Viumbe wanaowinda kwa kusikia wameivamia New York, ukipiga kelele umekwisha. Lupita ni Sam, mwanamke anayekufa kwa saratani. Kila mtu anakimbia ili aishi. Sam hana maisha ya kukimbilia, anachotaka ni kipande cha piza kutoka mtaa aliokulia. Na kwa kuwa haruhusiwi kutoa sauti, kazi kubwa anaifanya kwa macho. Anatembea na paka filamu nzima, wakati Lupita mwenyewe alikuwa anaogopa paka. Baada ya filamu alimchukua paka wa kufuga nyumbani.

SAUTI YAKE ILIPOFIKA SERENGETI

Hili Watanzania wengi hawalijui. Kipindi cha wanyama kiitwacho Serengeti, kilichopigwa hapahapa nchini, kilipooneshwa Marekani kwenye Discovery, msimuliaji alikuwa Lupita. Kilimpa nafasi ya kuwania tuzo ya Emmy ya msimuliaji bora mwaka 2020.

Mwaka 2024 alikuwa sauti ya Roz kwenye The Wild Robot, roboti anayetupwa kisiwani na kujikuta akilea kifaranga cha bata bukini. Roz anaanza akiongea kama mashine, na taratibu sauti inageuka ya mama. Filamu hiyo iliwania Oscar ya katuni bora.

Yumo pia nyuma ya Super Sema, katuni ya msichana shujaa wa Kiafrika, ambayo ni mmoja wa watayarishaji wake. Na kwenye Goodbye Julia ya 2023, filamu ya Sudan kuhusu wanawake wawili, mmoja wa kaskazini na mwingine wa kusini, aliweka jina lake kama mtayarishaji ili ipate kusikika zaidi.

Mwaka 2024 tamasha la filamu la Berlin lilimpa uenyekiti wa majaji, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

KISWAHILI JUKWAANI NEW YORK

Lupita hakuacha jukwaa. Mwaka 2016 aliigiza Broadway kwenye Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake wa vita vya Liberia. Danai ndiye Okoye, jenerali mwenye kipara wa Black Panther. Uigizaji huo ulimwingiza kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Tony.

Agosti 2025 akacheza Viola kwenye Twelfth Night ya Shakespeare, jukwaa la wazi katikati ya New York, bila kiingilio. Hadithi ni ya pacha waliopotezana baada ya meli kuzama. Pacha wa kiume aliigizwa na mdogo wake wa damu, Junior Nyong'o, na mwongozaji Saheem Ali naye ni mzaliwa wa Kenya. Kwenye mchezo huo ndugu hao wawili walizungumza Kiswahili. Sisi tuliomsoma Shakespeare kupitia Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere hatukushtuka kwamba lugha hiyo inabeba. Safari hii wa New York nao waliisikia.

ALIYOYASEMA NJE YA KAMERA

Oktoba 2017 aliandika kwenye New York Times jinsi mtayarishaji mwenye nguvu, Harvey Weinstein, alivyomsumbua akiwa bado mwanafunzi, na jinsi alivyomkatalia. Ilihitaji moyo, kwani wengi walikuwa wamenyamaza miaka.

Mwaka 2019 akatoa kitabu cha watoto, Sulwe, maana yake nyota kwa Kijaluo. Ni habari ya msichana anayeichukia rangi yake kwa kuwa ni mweusi kuliko wote nyumbani. Lupita amekiri kwamba naye utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke mweupe. Kitabu kilitolewa pia kwa Kiswahili.

Na mwaka 2025 alifichua kwamba mwaka uleule wa Oscar aligundulika na uvimbe kwenye kizazi, uvimbe 30. Ni tatizo linalowapata wanawake wengi weusi na wengi hulinyamazia wakidhani maumivu ya hedhi ni kawaida tu. Sasa anatumia jina lake kudai utafiti na matibabu bora.

UANZE NA IPI?

Ukitaka kulia: 12 Years a Slave. Si ya kutazama na watoto.

Ukitaka ya familia: Queen of Katwe au The Wild Robot.

Ukitaka mapigano: Black Panther, kisha Wakanda Forever. Usirukie ya pili.

Ukitaka kuogopa: Us. Itazame mara mbili, ya pili utaona mambo uliyoyapita.

Ukitaka kuogopa na kulia kwa pamoja: A Quiet Place: Day One.

Ukitaka kucheka: Little Monsters, watoto wakishalala.

Kinachofuata: yumo kwenye The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyopangwa kutoka Julai 2026.